Bodi Nene, Vitundu Vyembamba

"…Na usiniletee habari za panya! Panya gani anafungua boksi, anatazama vilivyomo, halafu analifunga tena kwa utepe?"

Alisimama ngazi ya tatu kutoka chini, yule mhandisi wa ghorofa ya pili, boksi amelipakata kiunoni kama mtoto mwenye homa. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, bisibisi mkononi, simu ya mtu imelala mezani nyuma yangu, tumbo wazi.

"Panya kamtaja nani?" nikamwuliza. "Mimi nimesema nililipokea boksi, nikaliweka juu ya kabati, jioni ukaja ukalichukua. Hao panya umewaleta wewe."

"Kiwandani wanafunga kwa utepe mweupe. Huu ni wa kahawia. Na wa kahawia uko mezani kwako, dada, nauona kutoka hapa nilipo."

"Utepe wa kahawia uko nusu ya nyumba za mji huu. Nenda kawakamate wote."

Mlango wa kando ukafunguka. Nilijua utafunguka, nilishangaa tu ulivyochelewa. Akatoka mshonaji, futi ya kupimia shingoni, pini mbili mdomoni, na uso wa mtu aliyepita tu njiani, ingawa anatoka kwake na hana aendako.

"Kuna nini tena, majirani?"

"Bodi kumi," mhandisi akasema, sasa akimwambia yeye. "Bodi za umeme, za kuendesha matanuri ya mikate. Nimezichora miezi mitano. Zimefika kutoka kiwandani zikiwa kamili, nikazipima mezani kwangu, zote kumi zikawaka. Nikazipeleka zikafungwa kwenye matanuri. Saa moja haikwisha, sita zimezima. Zikipoa zinawaka. Zikipata joto zinazima. Mwenye matanuri akaniambia hiyo ni dalili ya aisii bandia, zile chipu nyeusi zenye miguu. Kwamba mtu kang'oa nzima kapachika mbovu. Akaniuliza, nani alizishika kabla yako? Nikamwambia ukweli. Zilishinda kutwa nzima kwa jirani yangu, fundi simu."

Mshonaji akazitoa pini mdomoni, kwa usalama wake mwenyewe.

"Eeeh!"

Hiyo "eeeh" ilipanda ngazi peke yake hadi juu. Niliisikia ikigonga milango.

"Jumamosi adhuhuri anakuja hapa," mhandisi akaendelea, sasa ananitazama mimi. "Anataka barua. Nani alizishika, lini, wapi. Akishaipata anaipeleka polisi. Nitaandika ilivyokuwa, dada. Sina namna."

"Andika," nikasema. "Na mimi kalamu ninayo."

Nikafunga mlango. Siku zote mlango wangu hufungwa kwa kulala tu, kwa hiyo mshonaji alielewa kwamba jambo ni kubwa, akaenda kulisambaza likiwa bado la moto.

Unielewe vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Mimi ndiye wanayeniita Mama Funguo. Ukutani kwangu, juu ya meza ya kazi, kuna misumari kumi na minne, na kila msumari una ufunguo wa mtu. Mgeni wa mtu akifika, ananikuta mimi. Kifurushi kikija, napokea mimi. Fundi bomba, mtoto wa shule aliyewahi kutoka, mchumba wa mtu ambaye wazazi hawajamjua, wote wanapitia kwangu, na kila anayepita anaacha neno. Sijasoma sana. Elimu yangu ni meza hii na midomo ya watu. Lakini tangu niingie jengo hili sijawahi kula peke yangu, na hiyo ni mali kuliko mali. Sasa toa uaminifu hapo katikati, kinabaki nini? Kinabaki kibanda cha simu na mwanamke mwenye maneno mengi. Na fundi simu, wewe unajua sifa tulizo nazo: unapeleka simu inayozungumza, unarudishiwa inayokohoa. Barua moja tu ikiandikwa jina langu, hakuna atakayeuliza swali la pili.

Na nikuambie wewe ambalo sikumwambia yeye. Boksi nililifungua.

Usinitazame hivyo. Lilikaa juu ya kabati tangu asubuhi likiniangalia. Yule binti mhandisi amekaa juu yangu miaka miwili, anachora vitu usiku na mchana, na huwa anateremka na kikombe chake anatueleza kazi yake kwa vidole: kwamba bodi zake si bapa moja kama za redio ya zamani, ni sita zimebanwa pamoja, kila moja na barabara zake za shaba, na umeme ukitaka kutoka tabaka la juu kwenda la nne unateremkia kwenye kitundu kilichotobolewa bodi nzima na kupakwa shaba ndani. "Ghorofa sita," huniambia, "na vitundu ndiyo ngazi." Mimi natengeneza bodi za watu kila siku, lakini kuchungulia bodi ambayo mtu ninayemjua kaichora kwa mkono wake, hilo lilikuwa geni. Nikakata utepe. Nikatoa moja kwa ncha za vidole, nikaiweka chini ya hadubini. Vitundu vidogo hata ncha ya sindano isingeingia, vimepangwa kama mbegu, mamia kwa mamia. Nikasema mashallah. Nikairudisha, nikafunga. Kwa utepe wa kahawia, mjinga mimi.

Shangazi yangu, ninayeishi naye, alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mkono wako una macho, lakini hauna akili."

Sasa siku ile ya ugomvi, nilipofunga mlango, alikuwa pale pale kwenye kigoda.

"Umemwambia hukufungua?"

"Sikusema sikufungua. Nimesema niliweka juu ya kabati."

"Na ukaliweka kweli," akasema. "Kabla, na baada."

Nikamwangalia. Yeye ndiye shahidi pekee, na huyu mama kwa kusema ukweli hana adabu hata kidogo. Nikaanza kumhofia shangazi yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi asubuhi funguo zikaanza kuondoka. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa juu kabisa. Alisema mdogo wake anakuja kukaa naye, kwa hiyo ufunguo wa ziada atauhitaji. Mdogo wake yupi, hakusema, na mimi nawajua wadogo zake wote watatu na magonjwa yao. Baada yake akaja dereva, kisha yule mama wa mapacha, ambaye hakutafuta hata uongo. Alisema tu, "Nipe wangu," na akauangalia ufunguo pande zote mbili kama vile ningeweza kuukata nusu. Adhuhuri misumari sita ilikuwa mitupu. Watu wawili walikuja kuchukua simu ambazo sijazimaliza. Mmoja akaniomba nimfungulie mbele yake ahesabu vilivyomo. Hajui hata betri inakaa upande gani, lakini alihesabu.

Kama wananishuku, na mimi nikashuku. Nilikaa pale mezani nikamgeuza kila mmoja chini ya hadubini ya kichwa changu. Mshonaji ana ufunguo wa nani na nani? Mwenye matanuri kwa nini ana haraka ya barua? Na huyo mhandisi je? Mtu amechora miezi mitano, kazi imekufa mikononi mwake, halafu kwa bahati nzuri chini ya ngazi kuna fundi simu. Nani asingemchukua? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu amekula kwangu mara nyingi, hata kijiko chake nakijua.

Nikapanda ngazi. Nilibisha, akafungua kidogo, jicho moja.

"Nipe bodi moja iliyokufa."

"Ufute ushahidi?"

"Nifute vipi, nawe umekaa hapo unanitazama mikono? Njoo nayo mwenyewe. Ukiona nimegusa nisipopaswa, piga kelele. Mshonaji yuko tayari tangu jana."

Akafikiri. Nilimwona anapima lipi baya zaidi, kuja au kutokuja. Mwishowe akateremka na bodi ndani ya mfuko wake wa kung'aa, akakaa mkabala nami, kiti kimekaribia hadi magoti yakagusana. Shangazi akasogeza kigoda chake akakaa nyuma ya mhandisi. Mimi nachungwa na yeye, yeye anachungwa na shangazi. Hata mahabusu wana nafasi zaidi.

Nikaanza na aisii, maana kesi yangu ilikuwa hapo. Nikaiweka kubwa kuliko zote chini ya hadubini, picha ikatoka kwenye skrini ndogo tunayoitazama wote.

"Tazama miguu. Risasi ya kulehemia inang'aa, imelala sawasawa mguu kwa mguu. Hiyo imelehemiwa na mashine. Mimi nikiing'oa kwa bloa, hii inayopuliza hewa ya moto, nikapachika nyingine, mafuta ya kulehemia yatabaki pembeni, na hii rangi ya kijani itapauka. Hapa kuna kitu?"

"Hakuna," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini wewe ni fundi mzuri. Fundi mzuri anasafisha."

"Asante kwa sifa. Niue nazo."

Shangazi akacheka puani.

Nilitaka kumfukuza. Lakini nikafikiri: huyu haamini macho, tutafute kitu ambacho hakina mkono wa mtu. Nikachukua mita, ile inayolia ncha zake zikikutana kupitia shaba. Nikamwambia, "Nionyeshe barabara moja inayokatika ukipasha joto. Moja tu. Isiyopita kwenye aisii yoyote."

Hapo akanyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alinitazama kama alivyozoea kunitazama. Akafungua kompyuta yake, ramani ya bodi ikajaa rangi, akafuata kwa kidole. "Hii. Inaanzia kwenye kiunganishi hiki, inateremka tabaka la nne, inakimbia hadi huku, inapanda juu. Vitundu viwili. Aisii hakuna."

"Shaba tupu?"

"Shaba tupu."

Nikashika ncha moja huku, moja kule. Mita ikalia, piiii. Nikawasha bloa, moto mdogo, joto la tanuri tu na si la kulehemu, nikaipuliza bodi taratibu. Sekunde kumi, mita inalia. Ishirini, inalia. Arobaini, ikanyamaza.

Nikazima bloa. Tukakaa. Bodi ikapoa, na mita, bila mtu kuigusa, ikaanza kulia tena.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaninyang'anya ncha akashika mwenyewe, maana labda mikono yangu ina uchawi. Ikanyamaza kwake pia. Akachagua barabara nyingine, yenye vitundu vitatu. Ikanyamaza. Akachagua moja isiyo na kitundu hata kimoja, iliyo juu tu. Hiyo ikalia mwanzo mwisho, hata nilipoichoma hadi bodi ikanuka.

"Sasa niambie," nikasema, "hapo mimi nimeiba nini? Nimeingiza mkono ndani ya kitundu nikaramba shaba?"

Akaziweka chini ncha za mita. Alikuwa amenyauka.

"Tunahitaji kuikata," akasema polepole. "Kitundu katikati. Tuone ukuta wake."

Msumeno wa chuma ninao. Tulikata kipande kama kucha ya gumba, kando kidogo ya mstari wa vitundu. Nikakisimamisha ndani ya kizibo cha chupa, nikakijazia gundi ile ya mirija miwili inayokauka kama kioo. Ikabidi ilale hadi kesho. Sasa, kipande kilale kwa nani? Kwangu hataki, nitakibadilisha. Kwake sitaki, atakipoteza. Tulivutana hapo kama wake wenza juu ya ufunguo wa ghala. Mwishowe kizibo kililala kwa shangazi, chini ya mto wake, na yeye akatuambia kwamba hamwamini hata mmoja wetu, kila mtu akalale.

Ijumaa baada ya chai nikaanza kusaga. Msasa mkali, maji, msasa laini, maji. Nasaga kidogo, natazama, nasaga. Kitundu cha upana wa milimita sifuri nukta mbili ukikizidishia msasa mara tatu umekipita, hukioni tena. Mhandisi alifuata kila msasa kwa macho. Mshonaji alipita mlangoni mara nne siku hiyo, mara ya nne akiwa amebeba kitambaa kile kile cha mara ya kwanza.

"Hapo," mhandisi akasema. "Acha hapo."

Nikafuta, nikaweka chini ya hadubini, nikavuta karibu hadi mwisho.

Tuliona ghorofa zote sita kwa ubavu, mistari sita ya dhahabu. Na katikati yake kitundu, kimepasuliwa kutoka juu hadi chini, mrija wa shaba. Juu ukuta mnene. Chini ukuta mnene. Lakini kadiri macho yanavyokwenda kati, ukuta unakonda, unakonda, kama kiuno cha nyigu. Na pale kiunoni, kukingama, ufa mweusi mwembamba kama unywele.

"Bodi ikipata joto inavimba," akasema. "Inavimba kwa unene, zaidi kuliko shaba. Inauvuta mrija juu na chini. Ukiwa mnene unastahimili. Ukiwa hivi unakatika. Ikipoa inarudi, ncha zinagusana."

"Kwa nini kati kumekonda? Kiwanda kimeiba shaba?" Nilishaanza kukifurahia hicho kiwanda, mwizi wa mbali asiyenijua.

"Shaba hupakwa kwa maji ya dawa. Kitundu kikiwa kirefu na chembamba, dawa haifiki vizuri katikati. Ndiyo maana tunapima: urefu wa kitundu ugawanye kwa upana. Wao mwisho wao ni kumi. Mimi yangu ni nane. Milimita moja nukta sita kwa sifuri nukta mbili, nane. Miezi mitano nimechora kwa nane, dada, nilihesabu…"

Akachukua ile bodi iliyokatwa akaigeuza, akaitazama pembeni, pale nilipopitisha msumeno. Akaomba kipimo changu cha chuma. Akakibana.

Mbili nukta nne.

Mimi hesabu zangu ni za mtaani, lakini mbili nukta nne kwa sifuri nukta mbili hata mshonaji angezijua. Kumi na mbili.

"Mafundi wa matanuri walilalamika kwamba bodi ya majaribio inapinda wakikaza skrubu za nyaya," akasema, si kwangu, kwa bodi. "Mwenye matanuri akaniambia, ifanye nene. Nikaandika mbili nukta nne kwenye oda. Kwenye oda tu. Mchoro nikauacha, vitundu nikaviacha." Vidole vikakimbia kwenye kompyuta. Akasaka barua pepe, akaipata, akaisoma kwa midomo bila sauti. Nilisogea nikasoma na mimi, adabu zilikwisha tangu boksi. Kiwanda kilimwandikia wiki saba nyuma: bodi imeongezwa unene, vitundu ni vyembamba mno kwa unene huo, tunashauri uvipanue, au uthibitishe tuendelee hivi hivi kwa dhima yako. Na chini yake jibu lake, limetumwa baada ya dakika mbili. *Sawa, endeleeni.*

"Sikuisoma," akasema. "Huwa wanauliza mambo ya rangi na maandishi. Nilidhani ni rangi."

Ungedhani ningeruka kwa furaha. Sikuruka. Nilikuwa namtazama mikono. Maana sasa watu wanaojua ukweli tulikuwa watatu, na mwenye kalamu alikuwa yeye. Akisema kosa ni lake, anapoteza kazi ya matanuri yote, labda na jina lake kwa wahandisi wenzake. Akinyamaza, anayepoteza ni fundi simu, na nani anamhurumia fundi simu?

Akanyoosha mkono. "Nipe hicho kipande."

"Cha nini?"

"Nikakipige picha vizuri."

"Kipigie hapa."

"Dada, ni bodi yangu."

"Na ni shingo yangu."

Tukatazamana. Kisha akakusanya kompyuta yake, akaacha bodi, akaacha kizibo, akapanda ngazi bila kuaga. Mlango wake ukafungwa. Nilikisikia kiti chake juu ya kichwa changu kikivutwa mezani.

"Anaandika," shangazi akasema.

"Anaandika nini?"

"Kwani dari hii ni ya kioo?"

Jumamosi nilipika kwa hasira, sufuria mbili kubwa, wakati sikujua kama kuna mtu atakuja. Mkono umezoea. Wali ukaiva, mchuzi ukaiva, kwenye ngazi kimya. Saa sita kasoro mhandisi akateremka. Ana karatasi. Mshonaji naye akatoka wakati huo huo, akasema anatafuta paka. Paka hana.

"Soma," mhandisi akaniambia.

Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikamwambia mshonaji asome, tena kwa sauti. Kama ni kunizika nizikwe hadharani, na mzishi awe yeye. Mshonaji akaishika karatasi kwa vidole viwili, akajisafisha koo kama mtu wa redio.

Ilikuwa fupi. Ilisema bodi zimekufa kwa kosa la mchoraji. Ilisema unene, upana, kumi na mbili badala ya nane, na kwamba kiwanda kiliuliza na mchoraji akajibu bila kusoma. Ilisema aisii zote ni halisi na hazijaguswa. Mshonaji alikuwa anapunguza kasi kila mstari, maana hadithi yake ya siku tatu ilikuwa inafia mdomoni mwake mwenyewe. Mwisho ilisema: *Sanduku lilipokelewa na jirani yangu, likatunzwa salama bila kufunguliwa, hadi nilipolichukua.*

Jikoni shangazi akakohoa.

Ningeweza kunyamaza. Jina langu lilikuwa limesafishwa, limepigwa pasi, limekunjwa. Lakini yule binti alikuwa amesimama pale amejivua nguo zote mbele ya mshonaji, na mimi nimejifunga kanga yake.

"Futa hapo," nikasema.

"Wapi?"

"Bila kufunguliwa. Nililifungua. Nilitaka kuona tu. Niliweka moja chini ya hadubini, nikairudisha. Utepe ni wangu."

Mshonaji akafumbua mdomo, akakosa hata ile "eeeh".

Mhandisi hakushangaa. "Nilijua tangu Jumatano," akasema. "Nilichotaka ni useme."

"Mbona umeandika vingine?"

"Kwa sababu ukishaandika lilifunguliwa, mtu wa matanuri hasomi tena mstari wa juu."

"Asome asisome. Andika ilivyokuwa."

Akaitegemeza barua ukutani, akakata maneno kwa kalamu, akaandika juu yake kwa mkono. Wakati anaandika, gari likapiga honi nje.

Mwenye matanuri alikuwa mtu mrefu, mwenye macho ya kukagua. Hakukaa. Aliisoma barua amesimama hapo kwenye ngazi, akafika kwenye neno lililokatwa, akainua macho kwangu moja kwa moja.

"Kwa hiyo ulilifungua."

"Nilifungua boksi. Vitundu sikuvichora mimi."

"Na huyu hajatishwa? Hajaambiwa aandike hivi?"

"Nimtishe na nini, baba, na bisibisi? Njoo uone mwenyewe."

Nikamleta kwenye hadubini. Aliinama, akatazama muda mrefu. Akadai tupashe bodi nyingine, tukaipasha, aliileta mwenyewe kutoka kwenye gari, mita ikanyamaza kama zilivyonyamaza nyingine. Akaangalia nyuma ya meza, chini ya meza, kama kuna waya niliouficha. Mwishowe akamgeukia mhandisi.

"Kutengeneza upya, muda gani?"

"Wiki tano. Napanua vitundu hadi sifuri nukta tatu, tunarudi kwenye nane. Lakini vikipanuka vinakula nafasi, lazima nipange upya barabara nyingi. Na majibu yote ya kiwanda nitakuletea usome nawe."

"Nitafikiri," akasema. "Jumatatu nitakupigia, au sitakupigia."

Akakunja barua akaitia mfukoni, akaondoka. Polisi hakuwataja tena. Mshonaji naye akapotea, na kutoka juu nikasikia mlango wa mwalimu mstaafu ukigongwa kwa haraka, na sauti ikisema, "Hujasikia! Kumbe mwenyewe ndiye…" Wacha apeleke. Miguu yake ina kasi kuliko simu zote nilizotengeneza.

Mhandisi alibaki ameketi kwenye ngazi ya tatu, mikono katikati ya magoti. Nilimwona shingo, imekonda wiki hii. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu siku tatu zile, nimeyapanga usiku kucha, makali yote. Nikayatafuta, nikaona mchuzi utapoa.

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa."

Akaitazama meza yangu, sahani zilizokwisha pakuliwa, nyingi kupita watu waliopo, shangazi na upawa wake. Hakusimama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejiuliza kama hapa anakaribishwa au anatengwa kwa utaratibu.

"Baada ya niliyokusema mbele za watu?" akauliza. "Mimi ningekuwa wewe, nisingejiamini na chumvi, ningetia sumu."

"Basi ingia, mdogo wangu," nikamwambia, nikampishia mlango. "Sahani ziko nane. Chagua uitakayo, mimi nile itakayobaki."